Mwaka ya spectre mu kanisa yetu

Rafiki yangu, sogea hapa karibu. Weye ni mutu mwenye naweza kuambia neno bila kuangalia kwanza nani iko ku mulango, njo maana nakuandikia sawa vile nasemaka, sitavalisha maneno yangu kazaka ya sikukuu. Juzi hapa tulizika prof Anselme, mwalimu yetu ya masomo ya saa ya mangaribi. Mapafu ilimuchosha muda murefu, kiisha ikamubeba. Chini ya turubai ya matanga watu walisimama mumoja mumoja kutoa ushuhuda. Walisema alifundisha mathematiques na physique, hakuchelewa hata siku moja, shemizi yake ilikuwaka safi hata wakati ya matope, na hakupiga mutoto ya mutu. Yote ile ni kweli. Ramazani, mwenye tulisoma naye na mwenye alifika asubui ile kutoka Bambu na vumbi mu nyusi, aliinama ku sikio yangu akasema: "Mama Neema, hakuna mwenye anataja spectre." Nikamuambia anyamaze, watatufukuza tena. Tukainamisha vichwa siye wawili sawa watu wenye wanalia, kumbe tulikuwa tunacheka. Usiku ile nilifikiri sana. Kama siye wenye tulikuwa pale hatuseme, watoto ya prof watazeeka bila kujua kama baba yao alituwekea mu mikono mwangaza ya nyota yenye ilipasuka mbali kuliko akili yangu inaweza kufika.

Sitakuambia nilizaliwa wapi wala wazazi yangu walifuga ng'ombe ngapi, ile ni mambo ya wengine kuandika. Mi nataka mwaka moja tu. Nilikuwa na watoto ine na umri ya kupita trente, miaka makumi tatu. Masomo yangu ilikatika nikiwa musichana, wakati Bunia ilikuwa inakimbia vita, na tangu pale nilikuwa nasema kila mwaka kwamba nitarudia. Kanisa yetu, hapa mu quartier Lumumba, ilikuwa na école primaire pembeni yake. Wakati watoto walikuwa wanatoka, wazee ya kanisa walikuwa wanatuachia darasa moja, siye watu wakubwa wenye tulitaka kufanya Examen d'État, mutihani ya serikali ya kumaliza sekondari, bila kupitia masomo ya muchana. Serikali inatuitaka autodidactes, watu wenye wanajifundisha wenyewe. Jina ile ilinifurahisha, ilikuwa sawa cheo. Viti ilikuwa ya watoto ya première, darasa ya kwanza kabisa, magoti yetu ilikuwa inapita meza, na baba mumoja munene alikuwa anakaa pembeni-pembeni sawa mwanamuke mwenye iko ku pikipiki. Ku ukuta kulikuwa picha ya kuku, ya kikombe, ya nyumba. Tulikuwa tunakula mandazi na chai ya thermos mbele ya kuanza, juu wengi walikuwa wanatoka ku kazi bila kutia kitu mu tumbo, na prof alikuwa anakubali tutafune wakati ya zoezi ya kwanza lakini si ya pili. Tulipashwa kumaliza mapema ili kila mutu afike kwake mbele ya saa ya kukatazwa kutembea. Darasa ingine karibu haikukuwa. Zile zenye zilikuwa ngambo ingine ya muji, mama mwenye watoto hangeweza kwenda na kurudi mu wakati ile.

Ramazani alikuwa muchimbaji ya zahabu. Vita ilifunga shimo yao ya Bambu, akashuka muji na mufuko moja, akasema kama shimo imefungwa, basi atafungua kitabu. Ni Muislamu, na alikuwa anakaa chini ya picha ya kuku mu darasa ya kanisa bila wasiwasi. Wakati tulikuwa tunaomba mbele ya masomo, alikuwa anafungua mikono yake naye na kuomba kwa namna yake. Alikuwa ananiita mama, hata kama labda tulilingana umri, na mi nilikuwa namuita ndeko, ndugu.

Siku ya vendredi, ijumaa, njo ilikuwa ya nyota. Juma nzima prof alikuwa anatupiga na equations, lakini vendredi alikuwa anasema: "Examen itawauliza vitu ya Examen. Hii ya leo ni juu akili isilale." Rafiki yake mwenye iko nafundisha université mbali alimutumia picha mu ordinateur, kompyuta, na yeye akazitoa ku karatasi. Mi nilingojea nione nyota. Nikaona mustari tu: mustari yenye inapanda, inashuka, inapanda tena, sawa mutu alichora vilima ya Djugu na mukono yenye inatetemeka. Nikamuuliza nyota iko wapi. Akacheka polepole, akachukua kalamu ya bic yenye mwangaza inapita ndani yake, akaiweka ku dirisha fasi jua ya mangaribi ilikuwa inaingia. Ku ukuta, juu ya picha ya kikombe, rangi ikatokea: nyekundu, manjano, rangi ya majani, buluu. Akasema mwangaza yote iko vile, ndani yake kuna rangi imefungwa sawa vitenge mu balo, mufuko kubwa ya nguo. Ukifungua balo ya nyota, utaona kwamba fasi fulani rangi inapunguka, sawa pengo mu meno. Kila kitu yenye iko ndani ya nyota inang'oa jino yake. Ukijua mapengo, unajua nani alipita. Ile mustari ya karatasi ni hesabu ya rangi: fasi inapanda, rangi iko mingi; fasi inashuka mu bonde, ni pengo. Kwa Kifaransa, ile kitu inaitwa spectre.

Nyota zenye alituletea hazikukuwa za kila siku. Ni zile zenye zinamaliza maisha yao kwa kupasuka, na kwa muda kidogo moja peke yake inaweza kuangaza karibu sawa muji nzima ya nyota. Mbele alitumia neno kulipuka. Mama mumoja mwenye nyumba yake iliungua mu kijiji wakati ya vita akatoka inje akakaa ku ngazi. Tangu siku ile prof alisema kupasuka, na siye wote tukasema kupasuka. Zoezi ilikuwa hivi: alitugawia karatasi bila majina, tukapashwa kuzipanga mafungu mbili, za kawaida na za ajabu. Za kawaida zinafanana sawa watoto ya mama moja. Zote ziko na bonde kubwa fasi moja upande ya nyekundu, na ile bonde inaletwa na silicium, kitu yenye tunakanyaga kila siku juu iko mu muchanga. Mabonde yao ni mapana na yamesogea upande ya buluu, juu vipande ya nyota iko inakimbia kuja upande yetu kwa mbio yenye hakuna gari inaweza. Ile ya ajabu inakosa kitu. Ama bonde yake ni fupi, ama ni nyembamba, ama imekaa fasi haipashwi.

Tulifanya kazi mi na Ramazani juu ya kiti moja. Tukakamata karatasi mbili, tukaziweka moja juu ya ingine ku dirisha ili jua ipite na tuone mistari yote mbili. Tulipata mbili za ajabu. Moja bonde ya silicium ilikuwa karibu kukosa, na mabonde ingine ilikuwa nyembamba sawa njia ya panya. Ingine haikufanana hata kidogo na wenzake, ilikuwa na vilima vikubwa fasi wengine wako na mabonde. Tukainua mukono kwa furaha. Prof akaja, akaangalia, akageuza ile ya pili, akatuonyesha tarehe ndogo yenye iliandikwa nyuma kwa crayon. Mwangaza ya ile karatasi ilikamatwa miezi mingi kiisha nyota kupasuka, na zile zingine zilikamatwa mu majuma ya kwanza. Akatuambia: "Mumelinganisha muzee na watoto, halafu munasema muzee ni wa ajabu juu haruke kamba." Darasa yote ikacheka, Ramazani akajificha uso na karatasi. Tukaitafutia wazee wenzake mu fungu, tukaiweka juu yao ku dirisha, na ikalala juu yao vizuri kabisa. Ilikuwa ya kawaida tu. Ilikuwa imezeeka.

Lakini ile ya kwanza ilikuwa na umri moja na wenzake, na bado ilikataa kulingana. Prof akasema ile njo ya ajabu kweli. Nguvu yake ni kidogo, vipande yake inakimbia polepole, na wenye kujua wanafikiri labda haikupasuka yote, labda kipande ya nyota ilibakia pale. Alisema "labda" mara mingi. Nikamuuliza kama watu wakubwa ya université hawajue, siye tutajua nini. Akanijibu kwamba yeye haniulizi nijue, ananiuliza nilinganishe. Leo nikiwa na wajukuu njiani, nikiona namna watu wanasema haraka-haraka mutoto fulani ni mujinga, muke fulani ni mugumu, ninajikuta nauliza mu roho: ulimulinganisha na nani? Prof hakunifundisha kuuliza vile. Yeye hakusemaka kitu juu ya watu. Alituachia karatasi tu ku dirisha.

Vendredi moja mvua ilikuja na upepo, jua ikapotea, na dirisha haikutusaidia tena. Tukakata zoezi katikati. Prof aliandika ku tableau, ubao ya darasa, kwa Kifaransa na herufi kubwa, tulinganishe spectres za nyota zenye zilikufa, upande moja normale, upande ingine bizarre, na chini akaandika NE PAS EFFACER, maana yake wasifute, ili tuendelee lundi, jumatatu. Hakuna mwenye alifikiri juu ya dimanche, jumapili. Dimanche asubui darasa ile ni ya watoto ya école du dimanche, na mwenye kuifungua ni mama Mado, présidente ya wamama. Mama Mado ni mutu ya nguvu. Sauti yake inafika mbele yake, na mukono yake ilikuwa ya kwanza kufika ku matanga ya kila mutu na sufuria ya maharagi. Akakuta ile maneno. Kifaransa kidogo anajua, lakini spectre hakujua, na ile ya kukatazwa kufuta ilimuogopesha. Akatuma mutoto achukue dictionnaire ku nyumba ya pasta. Weye unajua Kifaransa, umeshaona shida iko wapi. Dictionnaire ile ndogo iliandika maana moja tu: spectre ni mutu mwenye alikufa na anarudia kuonekana. Muzimu. Basi mama Mado akasimama mu darasa ya watoto, mbele ya tableau yenye inasema tulinganishe mizimu ya wafu, ya kawaida na ya ajabu, wasifute.

Nilikuwa mu uwanja na wamama ya intercession, wenye kuombea wengine, juu njo mi nilikuwa naongoza sala yao ya mercredi, jumatano. Akaniita, sauti yake ilikuwa chini, na kwake sauti ya chini ni mubaya. Akaniuliza siye tunafanyaka nini mu ile darasa. Mi, moyo wazi, na furaha ya ile bonde nyembamba bado mu kichwa, nikamujibu: "Tuko tunasoma nyota, mama." Unaona. Kusoma kwetu ni kila kitu, mutoto anasoma, mufundi anasoma, lakini kusoma nyota mu kinywa ya watu ni kazi ya mufumu, yule mwenye anakuambia nani alikuloga na bwana gani atakuoa. Mama Mado akakamata ukosi ya blouse yake. Akaenda.

Mbele ya mardi, jumanne, habari ilikuwa imefika ku bomba ya maji. Nilikuwa mu mustari na bidon yangu, na wamama wawili mbele yangu hawakuniona. Mumoja alikuwa anasema ku école ya kanisa watu wakubwa wanaita wafu, na kuna Muislamu mwenye anawafungulia njia. Mwenzake akauliza kama wafu wanakuja. Akajibiwa wanakuja, lakini vendredi tu. Nilitaka kukasirika, nikashindwa, juu kweli ilikuwa vendredi. Ku nyumba, baba Neema, bwana yangu, alikuwa ameshasikia ku kazi. Tulikuwa tunakula bugali na samaki ya Kasenyi yenye nilipika na mawese, na watoto walikuwa kimya sana, ule ukimya yenye watoto wanafanya wakati wanataka kusikia. Akaniambia kama wakinitosha inje ya kanisa, uso wake itaenda wapi. Kiisha akatosha mifupa mu samaki ya mutoto mudogo, akaipanga pembeni ya sahani, akasema: "Lakini ukiacha masomo, utakuwa unanihadisia nini wakati ya kukula?" Bwana yangu si mutu ya maneno matamu. Ile nilikula nayo siku mingi.

Jeudi, alhamisi, tulikuta kadenasi, kufuli, ku mulango ya darasa. Pasta alikuwa ametuma neno: wazee ya kanisa watakaa samedi, jumamosi, na mbele ya pale hakuna kuingia. Tulisimama inje na thermos zetu. Examen ilikuwa karibu. Wengi walikuwa wameshalipa na wamefunga moyo, na kila mutu alijua kama wazee wakisema hapana, masomo imekufa, juu hakuna fasi ingine. Kwangu ilikuwa na upande ya pili tena. Mama Mado alikuwa ameomba nichague: sala ya wamama ama ile darasa. Prof alisema atakwenda yeye kuwaelezea, yeye njo aliandika ku tableau. Nikamukatalia kwa heshima. Nikamuambia: "Prof, spectre ni yako, lakini kusoma nyota ni yangu. Na ile kanisa ni yangu. Unipe tu karatasi." Akanipa mbili, ile ya ajabu na moja ya kawaida ya umri yake.

Samedi nilivaa kitenge yangu ya wamama, ile yenye tunavaaka ku sikukuu, juu sikutaka wanione sawa mugeni. Chumba ya wazee ni ndogo, inanuka nta ya mishumaa na karatasi ya zamani, kuna meza moja na kitambaa ya kushona, na viti ya plastiki. Wazee walikuwa tano na pasta, na mama Mado upande ya dirisha. Pasta yetu ya wakati ile alikuwa mutu mupole mwenye kuogopa fujo. Aliniuliza kama ni kweli nilisema nasoma nyota.

Nikamujibu ni kweli, sawa vile Neema yangu iko nasoma hesabu, na hesabu haijamuambia hata siku moja nani atamuoa. Muzee Tito, mukubwa kwao wote, akageuza sikio yake yenye inasikia, akauliza basi hii spectre ni nini, maana kitabu inasema ni muzimu. Nilikuwa nimefikiri jibu ile tangu ku bomba ya maji.

"Muzee," nikamuambia, "kama nakuambia Tito iko napanda, utajua kama iko na mbegu ama iko mu mulima?"

Akafikiri. "Mi na miguu hii, ni mbegu."

Wakacheka, na pasta alicheka kwanza kuliko wote, sawa mutu mwenye walimufungulia dirisha. Nikaendelea, nikasema Kifaransa nayo ni vile, jina moja inavaliwa na watu wawili, na yule wa mama Mado si yule wa prof. Mama Mado hakucheka. Akauliza, na ilikuwa haki yake kuuliza, kama ni darasa tu, juu ya nini walikataza kufuta. Nikamuambia: "Mama, ukiacha chungu ya sombe ku moto na unatoka, hauambie watoto wasifunue?" Niliona ile imeingia. Akarudia na ingine. Mama ya watoto ine anatafuta nini ku nyota, akasema, na ile diplome itachemusha chungu gani? Ile iliniuma kuliko muzimu, sitakudanganya. Nikamuambia nitajua chungu gani siku nitakuwa nayo mu mukono.

Kiisha nikaweka karatasi mbili juu ya kitambaa. Nikawaambia waweke kidole ku bonde ya kwanza, na wakaweka, hata pasta. Nikawaonyesha namna moja iko na bonde ya muchanga na ingine karibu haina. Muzee Tito aliuliza nyota hii ilikufa lini. Nikamuambia mbele ya babu ya babu yake, ni mwangaza tu yenye ilikuwa njiani mpaka juzi. Akapiga ulimi, akasema basi ni barua yenye ilichelewa kuliko ya serikali. Pasta njo akauliza neno yenye alikuja nayo: hii karatasi inasema nini juu ya kesho?

"Haisemi kitu, pasta. Haijui hata jina yangu. Mufumu anakuambia juu yako weye, njo maana watu wanamukimbilia. Hii inasema juu yake yenyewe tu."

Muzee mumoja akauliza juu ya Muislamu. Nikamuambia ndeko Ramazani anafika mbele ya wote, na mbele ya kutoka njo yeye anarudishia viti ya watoto wao mu mustari, wamuulize mulinzi. Mwisho pasta akarudia ile ya kuchagua. Sikuwa na hasira, rafiki. Nilikuwa na amani yenye sikuitafuta, sawa mutu mwenye amekaa ku jiwe. Nikasema: "Ningechagua kama ningeona fasi vitu hii mbili inaachana. Nimeangalia, siioni. Asubui ninaomba Mungu mwenye aliumba, mangaribi ninaangalia kitu yenye aliumba. Siku yenye naangalia vizuri, naomba vizuri zaidi. Wamama ya intercession wananijua, muwaulize kama nimepunguka."

Wakaniambia ningoje inje. Mvua ilikuwa inaanguka. Ramazani alikuwa amesimama chini ya paa mbele ya darasa yenye kadenasi, mufuko yake imeshafungwa iko ku miguu, na karanga mu karatasi. Akanipa karanga. Akasema kama wanafunga, yeye anarudi Bambu lundi, shimo ama hakuna shimo, juu hawezi kukaa muji bila kitu yenye ilimuleta. Nilikula karanga zake zote bila kujua. Kutoka ndani tulikuwa tunasikia sauti ya mama Mado, kiisha ya muzee Tito, kiisha tena ya mama Mado, na mvua ku mabati ikikata maneno katikati, hatukukamata hata moja.

Waliponiita, pasta alisimama. Akasema darasa itafunguliwa. Tableau itafutwa kila siku, hata kama sombe iko ku moto. Sala ya wamama itabaki kwangu. Na neno kusoma nyota haitasemwa tena mu uwanja ya kanisa, juu inakwaza watu wenye wanatoka ku wafumu na bado wako wazaifu. Muzee Tito akaongeza kwamba kama alisikia vizuri, siye hatuna hata nyota, tuko na mwangaza yake tu, basi tuseme tunasoma mwangaza. Nilifika pale tayari kupigania kila neno, na ile moja nikaiachilia mara moja, juu ilikuwa ya kweli kuliko yangu. Nilipomupelekea prof ile neno, akakaa chini, akatosha miwani. Akasema miaka yote amefundisha spectre na hakupata neno ya Kiswahili. Kuanzia vendredi ile aliandika ku tableau, juu kabisa: KUSOMA MWANGAZA. Na tuliifuta kila siku.

Mama Mado hakunisalimia vizuri mpaka Examen. Alikuwa ananiangalia ku sala ya mercredi sawa mutu mwenye anaonja chumvi. Tulifanya Examen, siku ine, magoti chini ya meza ya kimo yetu kwa mara ya kwanza. Hawakuuliza kitu hata moja juu ya nyota. Kiisha ni ile kungoja yenye inamaliza mutu. Siku matokeo ilitoka, Neema alikimbia na téléphone mu mukono, akanionyesha. Nilipita. Ramazani alipita. Weye unajua namna yetu: mwenye amepita Examen d'État anamwagiwa pudre, poda nyeupe, ku kichwa mpaka anakuwa mweupe sawa mukate ya asubui, na quartier inamutembeza. Watoto yangu walikuwa wanatafuta pudre, duka ya kwanza imekwisha, ya pili imekwisha. Mi nikisimama inje na kitambaa ya kichwa nimeshafungua, nikaona watu wanaachana mu njia, na mama Mado anakuja na kopo ya pudre ya mutoto, yake ya nyumba, imeshafunguliwa. Akafika mbele yangu. Nilikuwa murefu kuliko yeye, ikaomba niiname.

"Nikuambie ukweli, mama Neema," akasema. "Ile spectre yako mpaka leo sijaielewa. Lakini hii naelewa."

Akamwaga yote. Ku kichwa, ku mabega, mu macho. Sikuona tena mutu, nilisikia tu sauti yake inaanzisha wimbo, na wamama ya intercession wakaipokea, na mukono yake ilikamata mukono yangu mpaka ku avenue.

Kwa hivi nakuomba neno moja, rafiki. Nimekuachia hadisi hii, usiikalie. Kama kwenu kuna mama mwenye ana watoto mukononi na anasema wakati yake ya kusoma imepita, umuhadisie, kwa Kiswahili ya kwako, hata usipotaja jina yangu. Na ukikutana na mutoto ya prof Anselme, yeyote kwao, hapa muji ama ku Ariwara ama fasi yoyote, umuambie baba yake alitufundisha kusoma mwangaza.